Mama Anapanda Mara Mbili

Usiku wa jana niliota kaburi la mama limechoka kutusubiri, likatufuata barabarani.

Lilitukuta mlimani, baada ya Njombe, pale lori lililobeba jeneza lilipotufia. Mpaka hapo ndoto ilikuwa haijaongeza chumvi. Lori lilikufa kweli. Fundi Luambano alikuja kweli na pampu nyingine ya dizeli, akaifunga, na injini ikakohoa moshi mweupe ikagoma. Nikalala kwenye kiti cha mbele, mama nyuma yangu, huku Mbinga watu wakitusubiri tuzike. Ni usingizini tu ndipo kaburi lilipofika, mchana kweupe, likajiegesha nyuma ya lori na kutandaza matawi barabarani kama ilivyo desturi ya gari bovu.

"Shikamoo," nikaliamkia, maana sikujua umri wake.

"Marahaba. Mnafika lini? Wingu linakusanyika. Nikishajaa maji sipokei mtu."

Fundi Luambano akaliletea stuli. Sijui lilikaaje, ila lilikaa.

Pampu ya zamani ilikuwa imelazwa juu ya gunia, imefunikwa kanga ya shangazi. Watu wanapita kuipa pole na yenyewe inaitikia kwa sauti ya mtu aliyekosewa heshima.

"Alama zote za kufungia zimeoana," fundi anaiambia. "Ya krenki na ya pampu. Nimezitazama kwa tochi."

"Zimeoana, lakini siyo zamu yake," pampu ya zamani inajibu. "Pistoni namba moja inapanda mara mbili. Mara ya kwanza inatoa moshi. Mara ya pili inabana pumzi, na hapo ndipo dizeli inatakiwa. Wewe umefunga kwenye moshi. Fungua uone."

Fundi anafungua nozo ya namba moja, ile ya kupulizia dizeli. Nachungulia kwenye tundu. Chini kuna mama, amekaa, na shuka la hospitali magotini.

Sikushangaa. Nilichokishika mkononi sasa ni ule mpini wa kuinulia kitanda, na tumo wodini. Fundi kalala chini ya kitanda na spana zake. Kaburi limesimama mlangoni, mlinzi amelizuia kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa bado.

Nazungusha mpini. Mama anapanda. Akifika juu anashusha pumzi ndefu, moshi mweupe unajaa wodi, na ndani ya moshi nasikia harufu ya ile karafuu aliyokuwa akiiweka kwenye jino bovu.

"Umekula?" ananiuliza.

"Nimekula, mama."

"Muongo."

Nataka kucheka ila kuna swali nimelibeba tangu afariki. Siku ile nilikuwa nimeshuka kumfuatia maji ya moto. Dada yangu Skolastika anasema mama alifungua macho, akauliza, "Ameshafika?" akakata roho. Hatujui alimuulizia nani. Kila mmoja wetu moyoni anasema ni yeye, na hakuna anayethubutu kusema mbele ya wenzake.

"Mama, siku ile ulikuwa unamuulizia nani?"

"Nilikuwa namuulizia..."

"Usiniachie hapo, kaka," fundi anasema chini ya kitanda. "Hiyo ni ya moshi. Zungusha."

"Tone limeshaniingia," kaburi linasema mlangoni.

Niliwachukia wote wawili. Nikimwacha mama hapa juu ataongea mpaka jioni, nami nitasikiliza mpaka jioni, na lori litabaki mlimani na mama ataharibika ndani yake. Nilijua hivyo, na bado mkono ulikataa.

Kisha nikazungusha. Mama akashuka na lile jina mdomoni.

Anapanda tena. Safari hii midomo ameifumba, mashavu yamejaa, macho yananitazama bila kupepesa.

"Mama?"

Namwinamia.

"Ziba tundu kwa kidole gumba," pampu ya zamani inaamuru kutoka kitanda cha jirani.

Tundu la nozo sasa liko midomoni mwake; naziba. Pumzi inakisukuma kidole, ya moto, yenye nguvu ambayo mama hakuwa nayo wiki zote zile za kulazwa. Ningekiondoa kidogo tu angenijibu. Nililia nikiwa nimekikandamiza pale pale.

"Hapo," ikasema pampu ya zamani. "Funga."

Fundi akafunga.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka. Luambano alikuwa amechuchumaa mbele ya injini, kitambaa begani, akizikodolea macho alama zake.

"Fundi, chomoa pampu. Zungusha krenki duru moja, kisha uirudishe. Umefunga kwenye moshi."

"Nani kakufundisha?"

"Nimeota."

Akaanza kutabasamu kwa huruma, kama mtu anavyomtabasamia mfiwa. Nikamwonyesha kidole gumba. Kilikuwa na duara jeusi la masizi, saizi ya tundu la nozo, na mimi jana sikuigusa injini hata kidogo. Akakishika, akakisogeza puani.

"Hii siyo dizeli," akasema. "Karafuu hii."

Hakuuliza tena. Akachukua spana.

Injini ilipowaka, manyunyu yalikuwa yameanza. Nilikikunja kidole ndani ya ngumi, nikakishika hivyo hivyo mpaka Mbinga.