Kitufe cha Kushoto

Mzee André alikuwa ameapa: Jumapili asipofika Pweto, gari lile litageuka banda la kuku.

Na alikuwa na haki ya kukasirika. Julai iliyopita alimpeleka mkewe, Marie-Thérèse, kumwona dada yake mkubwa huko Pweto. Macho ya dada yalikuwa yanazidi kufifia, na walikuwa hawajaonana miaka minane. Wakatoka Lubumbashi alfajiri, katika ile baridi ya Julai inayong'ata mpaka mifupa. Kufika Kasomeno, kiuno cha André, kiuno kilichotumikia reli miaka thelathini, kilikakamaa hata breki hawezi kukanyaga. Wakageuza. Marie-Thérèse alilia kidogo, uso dirishani, kisha akasema, "Aksanti, Baba Lydie. Umejikaza." Lydie ni binti yao. Shukrani ile ilimuuma André kuliko kiuno.

Kinachoudhi zaidi, gari lilikuwa na viti vya kupashwa moto! Lilikuja na usukani kulia, kama mengi yanayopitia Dar es Salaam, na gereji moja ikauhamishia kushoto kabla André hajalinunua. Katikati ya viti palikuwa na vitufe viwili vyenye picha ya kiti. Kila asubuhi ya baridi André alibonyeza cha kushoto, cha upande wake. Taa nyekundu inawaka. Anangoja wee! Kiti kinabaki baridi kama benchi la kanisa. Miaka minne! Fyuzi alibadili mara tatu, na kiti alikitukana kimoyomoyo, maana mwanamume mzima atalilia joto vipi mbele ya mkewe? Cha kulia hakukigusa hata siku moja. Hicho kilikuwa cha abiria, na abiria wake hakuwahi kulalamika.

Alhamisi akameza kiburi, akamwita Mapalo, mama wa mtaa wa pili ambaye kwa umeme wa magari hana mpinzani. Mapalo akapima fyuzi: nzima. Akalala chini ya kiti cha dereva, akapima waya: nzima. Marie-Thérèse akawaletea chai, na kwa vile upepo ulikuwa mkali, akaingia kukaa mahali pake na kikombe chake.

"Papa, finya buto," Mapalo akasema.

André akaketi kwenye kiti cha dereva, akabonyeza kitufe cha kushoto. Taa ikawaka. Kipimo cha Mapalo hakikutikisika. Mama wa watu akakuna kichwa, akatazama usukani, akatazama vitufe, kisha akamgeukia Marie-Thérèse.

"Mama, kwako iko namna gani?"

"Kwangu? Iko na moto muzuri, sawa siku zote. Bwana yangu ananiwashiaka."

Mapalo akapiga makofi. "Kumbe! Papa, wakati balitosha volant, usukani hii, kulia, balihamisha kiti na waya yake. Buto yako njo inapikaka mama!"

Kitufe cha kushoto, basi, kilikuwa kikipasha kiti cha mkewe tangu mwanzo! Kila asubuhi Marie-Thérèse alimwambia, "Aksanti kwa moto," naye akidhani ni ule upepo wa joto unaotoka mbele, akiitikia "Mm" tu. Miaka minne alikuwa amekula shukrani ambazo si zake! Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Mama Lydie, nilikuwa natafuta moto yangu, haikukuwa yako. Unisamehe."

Mke akamkodolea macho. Halafu akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kiuno inalia miaka ine, na unanyamaza? Na mi nasema huyu bwana ananipenda mpaka hajipashe!" Akajifuta machozi, na sauti ikashuka. "Ile siku ya Kasomeno nilikuwa na moto, we unatetemeka na unaendesha. Aksanti yangu sitairudisha."

Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kulia. Joto likaanza kupanda taratibu chini ya André, likafika kiunoni, likakaa hapo. "Yesu wangu," akanong'ona.

"Basi nipindule waya," Mapalo akasema, "kila muntu abaki na buto yake?"

"Usiguse!" wakajibu wote wawili.

Jumapili alfajiri baridi ilikuwa ileile. André akabonyeza cha kushoto, Marie-Thérèse cha kulia. Kasomeno, pale pale walipogeuzia mwaka jana, mguu wa André ulikuwa mwepesi, na hakupunguza hata mwendo.

"Aksanti kwa moto, Mama Lydie," akasema.

Marie-Thérèse alikuwa ameshampigia dada yake simu. "Yaya? Weka maji ya kupikia bukari. Tunavuka Kasomeno!"

"Bado saa mingi," André akacheka. "Maji itakauka."

"Ikauke. Ataongeza ingine."