Pampu ya Kapata Iliyosikia Kiluba cha Kasai

Mimi, Banza, nimeongopa mengi. Wajukuu zangu wanajua kwamba nilivuka bwawa la Nzilo juu ya mgongo wa kiboko, naye ndiye aliyekuwa na haraka. Lakini uongo wa pampu ya Kapata niliutunga kwa ajili ya rafiki, na ulidumu dakika kumi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Kampuni ya migodi iliyotujengea nyumba, iliyosomesha batoto na kutuletea maji, ilikuwa hoi. Tukaambiwa haitashughulika tena na maji yetu, tujipange. Wakati huohuo vijana walipita nyumba kwa nyumba na karatasi, wakiandika watu wenye asili ya mkoa wa Kasai ili warudishwe kwao. Jirani yangu Tshilombo, fundi wa pampu, alizaliwa hapahapa Kapata, kambi yetu ya wachimbaji. Huko kwao Kasai alikuwa amekuona kwenye ramani ya shuleni tu. Jina lake lilikuwa bado halijaandikwa, kwa kuwa Mbuyu, mkuu wa vijana, naye alikunywa maji yaleyale.

Jumapili baada ya misa tukakutana mbele ya nyumba ya pampu. Tumwuzie tata Musafiri, au ibaki ya wote? Musafiri, mfanyabiashara mwenye malori mawili, alisema kwa adabu zake kwamba ataleta mota mpya, maji yatatoka kila siku, na kila bidoni, dumu moja la maji, italipiwa kidogo tu. Wanaume wengi wakaitikia kwa kichwa. Akasimama mama Adolphine, mjane wa mchimbaji, bidoni mkononi hata mkutanoni.

"Tata Musafiri, bwana yangu alilipa haya maji miaka makumi mbili mu shimo. Unataka mi nilipe tena?"

Musafiri akajibu kwamba anamheshimu marehemu, ila mota haijui heshima. Ikikatika mkanda, mkanda utatoka wapi? Hapo alisema kweli.

Ndipo nikasimama mimi. Nikawaambia wanagombania bure: uzeni, msiuze, pampu hii bila Tshilombo ni chuma tu, kwa sababu inasikia Kiluba cha Kasai peke yake. Hakuna aliyecheka. Kapata nzima ilijua kwamba umeme ukikatika na kurudi, Tshilombo anachukua ndoo yake, anajifungia mle ndani, tunamsikia akibembeleza kwa lugha ya bibi yake, na baada ya robo saa maji yanatoka. Alipougua, fundi mwenye diploma alikuja kutoka mjini akaihangaikia siku nzima kwa Kifaransa. Haikutoa tone.

Mbuyu aliitazama karatasi yake, akaniuliza kama hakuna mwingine anayejua lugha hiyo. Nikamwambia walikuwepo, ila amekwisha kuwaandika. Kalamu ikarudi mfukoni. Ernestine, mke wa Tshilombo, akafunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Sikujua analia au anacheka.

Tshilombo akasimama. Nikamkanyaga mguu. Akauchomoa.

"Asante, tata Banza, lakini wacha. Wakinikamata njiani kesho, batoto batakunywa nini?"

Akawaeleza wote. Kizuizi cha chini ya bomba kimelika, kwa hiyo umeme ukikatika maji yote yanashuka na pampu inavuta hewa tu. Kabla ya kuwasha unajaza bomba kwa ndoo mbili, unangoja mapovu yaishe. Na yale maneno? Alikuwa akiisimulia mashine habari za nyumbani, kama mtu anayengojea bukari, ule ugali wetu, iive.

Ile ndoo! Miaka yote hiyo tulidhani ni ya kunawia.

Akamwita Adolphine, mlango ukaachwa wazi. Mama akamimina, akangoja huku Tshilombo akiisalimia mashine kwa Kiluba chake, kisha mama akawasha. Maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya Musafiri. Tukakimbilia bidoni zetu, tukapiga kura kwa kuzinyanyua: pampu ibaki ya wote, kila mtaa na zamu yake, kila nyumba ichangie mkanda. Mbuyu naye alinyanyua bidoni yake. Kisha akatoa kalamu, akaandika jina polepole, bila kumtazama Tshilombo.

Siku zile kwenye stesheni familia zilizoandikwa zililala nje majuma mazima zikingoja treni, na wengine hawakuamka. Kesho yake Musafiri, aliyeshindwa kura, alisimamisha lori mlangoni kwa Tshilombo. Akasema linakwenda upande wa Kamina, njia ya Kasai, na mtu aliyemharibia biashara kwa kusema ukweli hatalala stesheni yeye akiwa hai. Ernestine akawekwa mbele pamoja na masufuria. Tshilombo alinishika mkono, akaniomba nisiongope sana asipokuwepo wa kunisahihisha. Sikuahidi.

Hata sasa umeme wa Nzilo ukirudi, mama Adolphine hujaza bomba, na akingojea mapovu huisalimia pampu kwa maneno mawili ya Kiluba aliyoyashika siku ile. Juzi nilimkumbusha kwamba ule ulikuwa uongo wangu.

"Najua, tata Banza," akasema. "Sogeza bidoni, mulongo wa watu ni murefu."