Nionyeshe Siku Moja

Mwalimu wa fizikia alikuwa na neno moja la kumnyamazisha mkewe, na alilitumia miaka kumi na minne bila huruma: "Nionyeshe siku moja tu niliyokukosea." Mkewe, fundi cherehani, alilalamika kwamba mumewe hayupo nyumbani hata akiwa nyumbani. Mwalimu akamdai tarehe. Jumanne? Jumanne alileta mkate. Jumatano? Alimsalimia vizuri. Kila siku aliyotajiwa aliigeuza na kuigeuza mpaka ikaonekana safi, na mke akaishiwa maneno, akarudi kwenye cherehani yake. Mwalimu alijiona bingwa, maskini.

Jioni moja mke akasema bila kelele, "Kaka yangu anakuja kesho saa kumi na pikapu. Nahama."

"Kwa kosa la siku gani?" mwalimu akauliza. Mazoea hayo.

Kesho yake akaenda kufundisha, akijifanya hana hili wala lile, ingawa moyo ulikuwa unamuuma. Somo la alasiri lilikuwa mawimbi ya mvutano, ile mitikisiko ya nafasi na wakati inayotoka pale nyota mbili nzito zinapozungukana. Siku hiyo ilikuwa zamu ya nishati ya mawimbi hayo.

"Mtu anayeanguka bila kuzuiwa hausikii mvutano pale alipo," alisema, akichora lifti iliyokatika kamba. "Kwa hiyo nitajieni nukta yoyote, nami nitawatafutia namna ya kuiangalia ambayo kwayo nishati ya mvutano, hapo hapo, ni sifuri."

Binti wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Kwanini, akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, kama kila nukta ni sifuri, si ina maana wimbi halibebi kitu?"

"Linabeba. Nyota zenyewe zinapungua uzito. Kosa ni kudai nukta. Chukua eneo pana, mawimbi kadhaa kwa pamoja, utafute wastani. Hapo nishati inaonekana wazi, na ujanja wa kuifuta unakwisha."

"Basi anayetudai nukta moja anatuonea tu," Kwanini akasema, na darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. Chaki ilimkatikia mkononi. Aliomba radhi, akatoka mbio, akaacha hata koti lake kitini.

Alimkuta shemeji yake akifunga masanduku kwa kamba, pikapu mlangoni. Mke alikuwa chumbani, anazungushia uzi kwenye vibiringo vyake.

"Nimeelewa," mwalimu alisema, anahema. "Si siku moja. Ni miaka yote kwa pamoja. Ni kama zile nyota, zinapungua na huoni ni wapi."

Machozi yakamtoka mke. "Ndicho nilichokuwa nakwambia."

"Basi baki, mke wangu. Nakuomba."

Mke akaweka uzi chini. "Kwenye somo lako hujawahi kunidanganya. Mawimbi yakishatoka yakaenda zake, nyota hurudishiwa uzito wake?"

Mwalimu alitafuta jibu jingine. Alilitafuta kwa moyo wake wote.

"Hapana," akasema.

Mke akafuta uso kwa kipande cha kitambaa, akaenda kupanda garini. Shemeji akamwita mwalimu, "Njoo unishikie upande huu." Wakainua cherehani. Ilikuwa nzito ajabu, na mwalimu hakuwahi kumbebea hata siku moja.