Kiriba Kilichoachwa Mlangoni

Mgongo wa Sabha ulikuwa umelowa, na hilo peke yake lilitosha kumsimamisha. Katika milima ya Sinai mwezi wa tano jasho halikai mgongoni. Upepo hulinyakua kabla halijatiririka, ikabaki chumvi tu. Alitua shanta lake juu ya mwamba, akalifungua, na harufu ya plastiki iliyochomwa na jua ikampanda puani. Blanketi lilikuwa zito kama mzoga. Mfuko wa maji uliokuwa chini yake ulikuwa bapa.

"Lita tano," alisema. "Lita tano zimenywewa na blanketi."

Dada yake Nuweja alifika nyuma yake akihema, mkono kiunoni, upande ule ule ambao figo lake lilikuwa likimsumbua tangu mwaka juzi.

"Blanketi la ofisi, mfuko wa ofisi," alisema. "Wamekabidhiana wenyewe. Sisi tumewabebea tu."

Mgeni wao, Inshirah, alicheka, akakaa kwenye jiwe. Alikuwa mfamasia kutoka Kairo, mama wa miaka hamsini na mbili aliyejilipia siku tano za kutembea kutoka mlimani hadi baharini, na wao kwa heshima walimwita daktari. Kila mmoja wa wale wanawake watatu alibeba mifuko miwili ya maji. Mfuko ulikuwa mwororo, una kizibo chekundu, na umepigwa mhuri wa ofisi ya safari. Siku mbili za katikati ya njia hazina maji kabisa, na hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya hizo mbili.

Zamani mzigo wa maji ulikuwa wa ngamia, na chombo kilikuwa kiriba cha ngozi ya mbuzi. Lakini ofisi ilikuja mjini na meza yake na feni yake, ikasema wageni wa siku hizi wanapenda kubeba wenyewe, ngamia wabaki kupigwa picha. Kisha ikasema kiriba kinanuka mbuzi. Watu ambao babu zao hawakuwahi kulala nje hata usiku mmoja wakatufundisha namna ya kubeba maji jangwani, tukaitikia, kwa sababu zamu za kuongoza wageni walikuwa wameshazitia mkononi mwao. Asiyeitikia, jina lake hushuka chini ya orodha, na huko chini hakuna anayekumbuka kusoma.

Nuweja hakuitikia. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa viriba katika ukoo wao. Ngozi aliitoa nzima kama anavua soksi, akailoweka kwenye magome ya mgunga, akaipaka samli na lami hadi ikashika maji na kuyapoza. Asubuhi ya kuondoka alikileta kiriba chake kimejaa, kinatoa jasho jembamba, akakitundika begani. Sabha ndiye aliyemzuia.

"Kiache, dada. Shadi wa ofisi yuko garini. Akikiona, zamu imekwenda."

"Shadi huyo mwenye mikono laini kama ulimi? Atakunywa nini akikwama?"

"Kiache, nakuomba."

Nuweja alimtazama mdogo wake kwa muda, kisha akakitundika kwenye mlango wa nyumba. Ndicho kitu ambacho Sabha alikiona kila alipofumba macho tangu mfuko ule ulipokuwa bapa: kiriba mlangoni, kinadondokea kizingiti.

Sasa aliukagua mfuko. Ulikuwa umeachia pembeni, pale plastiki ilipobanwa na mashine. Nuweja aliuchukua, akaugeuzageuza kama mtu anayekagua jino bovu la mwenziwe.

"Ngozi ikitoboka unaibana kwa mwiba, unafunga uzi, inakushukuru," alisema. "Hii ukiigusa kwa mwiba inapasuka ikakucheka usoni."

Hata hivyo alijaribu. Alisukuma kokoto ndani ya pembe iliyopasuka, akaikusanya plastiki kuizunguka, akaikaza kwa uzi wa singa za mbuzi. Wakahamishia humo maji kidogo ya mfuko wa pili wa Sabha, ambao nao ulikuwa umeanza kutokwa na machozi shingoni. Kiraka kilishika kwa kiasi chake. Tone moja lilitoka, likangoja, likafuatwa na jingine. Katika mifuko ya Nuweja mmoja ulikuwa mzima. Mwingine ulivuja kizibo, akaufunga kwa kitambaa cha kichwani.

Sabha akamgeukia mgeni. "Daktari, maji yako yako salama?"

"Salama," alisema Inshirah, upesi.

Kwetu mzigo wa mgeni haufunguliwi. Ukimuuliza mara moja ni wema. Ukimuuliza mara ya pili umemwita mwongo. Sabha aliutazama ule mzigo, akaona upande wake wa chini umekolea rangi kuliko wa juu. Mkono ulimwasha. Lakini mama yake alimlea asiguse hata kamba ya kiatu cha mgeni bila kuitwa, na malezi ya miaka arobaini na saba hayavuliwi njiani kama kandambili. Akasema, "Alhamdulillahi," wakaendelea.

Jioni, walipokusanya kuni za kuoka mkate majivuni, Sabha alitandaza unga kwenye kitambaa.

"Tukande kwa maji yako, daktari. Tukupunguzie uzito."

Inshirah hakusogea. Kisha akaanza kulia, kilio kikavu cha mtu anayejizuia.

"Yameisha," alisema. "Mifuko yote miwili. Asubuhi nililiweka shanta chini ya mgunga, juu ya miba, pale pale mliponikataza. Mfuko mmoja ulilia kama nyoka. Wa pili sijui ulivuja saa ngapi. Niliona aibu. Mlinikanya mara tatu! Nilisema mtaniona mzigo."

Damu ilimpanda Sabha usoni. Angekuwa dada yake, angempiga kofi. Angekuwa binamu yake, angemtukana hadi milima isikie. Huyu alikuwa mgeni, yuko chini ya uso wake, katika ulinzi wake, na maji ya mgeni yalikuwa maji ya Sabha tangu alipompa mkono wa karibu.

Nuweja ndiye aliyemjibu. "Basi leo tende tu. Mkate unanenepesha, daktari, wewe mwenyewe huwaambia wateja wako hivyo."

Walimimina kilichobaki pamoja, mfuko kwa mfuko. Zilipatikana lita nne, labda pungufu. Nyuma yao ilikuwa siku nzima; mbele, chemchemi ya Rutig, siku nzima na genge la mawe la kuvuka. Kando kidogo ya njia kulikuwa na kisima cha Umm Sanad, chenye pango la kivuli na kilele ambako simu hushika.

"Umm Sanad kimezibwa," alisema Sabha.

"Miaka kumi na minne imepita. Mtu atakuwa amekizibua."

"Nani?"

"Mtu," alisema Nuweja, akageuza uso.

Usiku huo na alfajiri yake kikombe kilizunguka, kwanza kwa mgeni, kisha kwa Sabha, mwisho kwa Nuweja. Kila kilipomfikia Nuweja alikiinamisha, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akasema, "Nimekunywa." Sabha aliona koo la dada yake halipandi wala halishuki. Aliona. Akajiambia ni giza.

Saa tatu asubuhi walifika Umm Sanad. Saruji ilikuwa pale pale, kijivu, imevimba juu ya mdomo wa kisima kama kidonda kilichofungwa na usaha ndani. Mwaka ule lori lilikuja na watu wasiotaja majina, wakasema kisima kinanywesha wapitishaji wa magendo, wakamimina. Kilikuwa kinanywesha mbuzi mia mbili na bibi mmoja kipofu. Sabha alikuwapo, alikuwa ameshika kamba ya ndoo. Mtu mmoja kati yao aliandika tarehe kwa kidole kwenye saruji mbichi, akachora na moyo pembeni. Tarehe ilikuwa bado inasomeka. Moyo pia.

Nuweja aliketi juu ya saruji kama mtu aliyefika kwao. Uso wake ulikuwa mwekundu, na haukuwa na jasho.

Sabha alipanda kileleni na simu. Iliita mara sita.

"Mifuko hiyo ni mipya, Mama Sabha," alisema Shadi, karani. Nyuma yake feni ilisikika. "Ina cheti kabisa."

"Cheti hakinyweki. Nina mgonjwa na nina mgeni. Leteni maji Umm Sanad."

"Gari halifiki huko, unajua mwenyewe. Labda mdomo wa korongo, kesho. Ngoja meneja aamke nimuulize. Halafu, si ulitia dole gumba kwamba umeipokea mizima?"

"Ilikuwa mizima ilipokuwa mitupu!"

"Sasa ndugu yangu, usinipandishie sauti, mimi natumwa tu..."

Simu ikakatika. Sabha alisimama pale na chuma kile mkononi, akitamani kukirusha, akakirudisha mfukoni kwa sababu hata kurusha kunataka nguvu.

Alishuka, akakusanya mifuko yote sita na birika la chai. Saa nne za mwendo hadi Rutig kwa kupitia genge, saa nne kurudi. Kwenye mfuko mzima vilibaki kama vikombe vitano.

"Anayekwenda ndiye anywe," alisema Nuweja, akamsukumia.

"Kunywa wewe kwanza. Nione koo lako."

"We mtoto, tangu lini umekuwa daktari? Daktari yule pale." Alijaribu kucheka, mdomo ukapasuka. "Nenda. Ukirudi utanikuta namfundisha kushona kiriba."

Sabha alikunywa vikombe viwili. Vingine vitatu aliwaachia kwenye bakuli, akamwambia Inshirah wagawane sawasawa, akaondoka bila kuaga, maana kuaga kungekuwa kukiri.

Rutig ilikuwa imejaa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: maji yalikuwa yakimwagika tu kwenye mwamba, baridi, yakipotelea mchangani kama hakuna mtu duniani mwenye kiu. Alikunywa, akatapika, akanywa tena. Alijaza mifuko. Mitatu ilivuja pale pale mikononi mwake, akaiacha. Mitatu mingine, hata ule mzima ambao sasa ulikuwa umeanza kulegea mshono, aliikaza kwa uzi, kokoto na vipande vya ushungi wake. Alijaza birika, akaziba mdomo wake kwa kitambaa, akalifunga kifuniko kwa kamba.

Alipanda genge mbio. Plastiki ilikuwa imepikwa na jua siku mbili na uzito sasa uliimaliza. Mshono mmoja uliachia njiani kwenye mteremko wa kwanza, na maji yakamshuka mapajani yakiwa vuguvugu kama mkojo wa mtoto. Alisimama, akafunga. Mfuko wa pili ukaachia juu ya fundo jipya. Akafunga tena. Kila alipofunga pengine palifunguka, kana kwamba vitu vile viliapishwa. Mwisho aliacha kufunga. Alikimbia tu, mkono mmoja nyuma akikinga matone kwa kiganja, mwingine umelishika birika mbali na mwili kama mtu anayebeba kaa la moto. Matone yalianguka juu ya mawe. Aligeuka mara moja kuyatazama, na mawe yalikuwa makavu.

Jua lilikuwa bado juu ya kilele alipoingia pangoni. Mifuko yote ilikuwa mitupu. Birika lilikuwa na nusu yake.

Inshirah alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, na kichwa cha Nuweja kilikuwa mapajani mwake. Midomo ya Inshirah ilikuwa imepasuka, lakini macho yalimfuata Sabha.

"Alisema amekunywa," alisema. Sauti ilikuwa kama kukwaruza sufuria. "Kila mara alisema amekunywa. Kumbe vyote vitatu nimevinywa mimi... Mimi ni mfamasia, mama Sabha. Nilipaswa kujua. Alianza kuongea na mama yenu, akasema afungue mlango achukue kitu. Halafu akanyamaza. Adhuhuri ilikuwa imepita."

Sabha alimgusa dada yake shavuni. Lilikuwa na joto bado, joto la pango tu. Alikaa chini. Akamimina kikombe, mkono ukiwa imara kwa namna iliyomshangaza mwenyewe, akampa mgeni.

"Kunywa taratibu."

Inshirah alikunywa, kisha akaurudisha mkono wa Sabha uliokuwa unamimina cha pili. "Yaliyobaki mwoshee. Hawezi kuzikwa hivi. Mwoshe kwa haya."

Maji ya birika yalikuwa yanatosha. Si kwa kumwosha sawasawa, lakini uso, mikono, miguu, yangetosha. Sabha alilishika birika, akalitikisa, akalisikia. Kutoka pale hadi Rutig zilibaki saa nne za kutembea na mwanamke asiyeweza kusimama. Aliwaza kiriba kule nyumbani. Kingekuwa kimeshapungua kwa jasho lake, lakini maji ndani yangekuwa baridi.

"Haya ni yako," alisema. "Hayaoshi mtu."

Alilifunga birika, akaliweka kivulini upande wa mgeni. Kisha akatoka hadi kwenye kisima. Juu ya saruji upepo ulikuwa umelaza vumbi laini, safi, la miaka kumi na minne. Aliipiga mikono yake miwili pale, juu ya tarehe na juu ya ule moyo, akaikung'uta, akarudi na vumbi viganjani, akampaka dada yake uso, tayamamu ya asiye na maji.

Akatoka tena kulifuata vumbi la kumpaka mikono.