Mtungi wa Kwanza wa Nyumba ya Loverdani

Diamantina alimwosha mama yake harakaharaka kwa maji ya beseni, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Chumba kilikuwa chini ya ngazi, na wageni walikuwa wanapanda. Kila kiatu kilichopita kiliangusha vumbi la chokaa kitandani. Zamani hapa palikuwa pa kuwekea mapipa ya mafuta ya zeituni. Harufu yake ilikuwa bado ukutani, na unyevu ulikuwa umepanda hadi usawa wa kitanda.

"Wapangaji wako wana viatu vizito," alisema Mama Regina.

"Wamejaa mwaka huu. Inua mkono."

Wapangaji. Ndivyo alivyomwambia tangu siku walipomshusha huku, na mama hakuwahi kuuliza kwa nini wapangaji wakae juu na mwenye nyumba akae kwenye mapipa.

"Mtungi wangu umeufunga kitambaa chekundu?"

"Nimefunga."

"Umejaza maji? Usipojaza haupasuki vizuri."

"Nimejaza, mama. Lakini leo pumzika. Miguu yako hiyo."

"Tangu niolewe sijakosa kurusha mtungi wa Pasaka kwenye roshani ile kila Jumamosi Kuu. Mtaa mzima hapa Korfu unatungoja sisi tuanze. Nani atarusha, paka?"

Diamantina alimkausha mgongo, akamvika gauni la kulalia, akatoka.

Meneja wa hoteli, Bwana Prassas, alikuwa anamngoja kwenye ukumbi, kando ya kabati la kioo. Alikuwa kijana msafi, mwenye sauti ya upole. Kabati lilikuwa wazi. Ndani yake hukaa gauni la hariri la Pasaka, na siku nyingine zote Diamantina hulipitia tu akiwa na shuka chafu mikononi.

"Livae polepole, dada Diamantina. Na usitoke jasho, hariri hiyo haifuliki."

"Sawa, bwana."

"Na yule wa chini?"

"Amelala."

"Wakubwa wanakitaka kile chumba kiwe cha mvinyo. Nimewaomba wavumilie, na mimi nina mama. Lakini mgeni akimwona tu, mimi sina la kusema tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bwana."

Roshanini viti vilikuwa vimejaa watu wa Athens waliolipia kukaa. Kwenye kiti cha mbele alikaa Mhandisi Vlastos, ambaye hakulipia chochote. Ndiye aliyekuja na nyundo wakati nyumba ilipokuwa bado ya Mama Regina, akagonga boriti ya sebuleni mara moja, akatia sahihi kwamba nyumba haifai kukaliwa na binadamu. Mlango ukapigwa mhuri. Bei ikaporomoka, wenye pesa wakatokea, wakainunua, wakaifanya hoteli. Boriti ilikuwa pale pale, haijaguswa, imepakwa vanishi tu. Wageni walipenda kupiga picha chini yake.

Diamantina alisema maneno aliyokaririshwa. Loverdani wa kwanza aliijenga nyumba hii kwa pesa za mafuta ya zeituni. Mtoto wa mfalme alilala chumba cha pili. "Na bibi wa mwisho wa nyumba, alipoona hawezi tena kuitunza, aliikabidhi kwa hiari yake. Akaenda zake Venisi, akafia huko, usingizini."

"Jamani," alisema mama mmoja mwenye kofia. "Kifo kizuri."

Mlango wa sebule ukafunguka.

Mama Regina alisimama pale, miguu mitupu, taulo la hoteli mabegani. Sehemu ya nyuma ya gauni lake la kulalia ilikuwa nyeupe kwa vumbi: alipanda ngazi kwa kukaa, kidato baada ya kidato.

"Tina," alisema. "Umesahau kuniita."

Bwana Prassas alimtazama Diamantina, hakumtazama kikongwe.

"Huyu ni nani?" aliuliza mwenye kofia.

Mhandisi Vlastos aliinamia kikombe chake. Alishawahi kunywa kahawa ya mkono wa mama huyu, mara mbili, siku ile ya nyundo.

"Ni mtumishi," alisema Diamantina. "Mtumishi wa zamani wa nyumba. Akili imechoka. Tunamtunza tu."

Mama Regina aliutazama mkono wa gauni la hariri, pale aliposhona mwenyewe tundu lililounguzwa na mshumaa, Pasaka moja ya ujana wake. Alimtazama mhandisi. Kisha akamtazama mwanawe, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha barabara. Akainamisha kichwa.

"Nisamehe, bibi. Nilidhani mmepiga kengele."

Akachukua sinia mezani, akaanza kukusanya vikombe. Vikombe vikagongana.

"Maskini ya Mungu!" Mwenye kofia alijifuta machozi. "Uaminifu kama huu umekwisha duniani."

Wakapiga makofi. Mhandisi aliweka kikombe chake kwenye sinia.

"Asante, mama," alisema.

"Karibu tena, bwana mhandisi."

Kengele za makanisa zikalia zote pamoja. Diamantina aliunyanyua mtungi, akaurusha. Ulipasuka chini kwa kishindo, maji yakaruka, watu wakashangilia, na roshani zote za mtaa zikafuata.

Alasiri Bwana Prassas alikuja mwenyewe chini ya ngazi. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wakubwa wamefurahi mno. Chumba msiwe na wasiwasi nacho. Ila kiangazi tuna harusi nyingi. Wageni wanamtaka na yeye awepo, na sinia lake. Awe vile vile alivyokuwa leo, asibadilishe kitu."

Aliacha kitandani aproni nyeupe, iliyopigwa pasi. Kifuani ilitariziwa jina la hoteli kwa uzi wa dhahabu: LOVERDANI.

Diamantina alikuwa bado na hariri mwilini. "Mama," alisema. "Mama, mimi..."

Mama Regina alipitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. Akaivaa. Halafu akageuka, akampa mgongo.

"Nifungie, bibi," alisema. "Kaza kidogo. Isije ikanidondoka mbele ya wageni."