Kilicho Mbele Yako

Katika nyumba ya Bi Maftaha, pale Kilwa Kivinje, hakuna aliyekula peke yake. Sinia lilikuwa moja na saa ilikuwa moja. Mwenye saa alikuwa mwanawe Ismael, fundi pikipiki kule Masoko, ambaye hakufika nyumbani mpaka isha imeshaswaliwa. Hadi hapo wali ulikaa umefunikwa, na njaa za watu zimefunikwa pamoja nao. Ismael akishanawa, mama, mwana na mkewe Batuli waliketi mkekani, na Bi Maftaha akasema yale yale ya kila siku: "Bismillahi. Kila mtu ale kilicho mbele yake."

Kilichokuwa mbele ya Batuli kilikuwa moto. Mchuzi wa samaki wa embe mbichi, uliopondewa pilipili mbuzi. Zamani aliupenda. Lakini tangu amzae Imani, chakula kilishuka kisha kikarudi, kikapanda kifuani kama makaa, kikamwachia kooni uchachu wa siki. Akijilaza ndiyo kabisa. Basi alilala ameketi, mgongo ukutani, mtoto ananyonya, yeye anameza mate.

Alijaribu kusema. "Mama, kiungulia kinaniua."

Bi Maftaha akapiga kigelegele. "Hizo nywele za mtoto! Imani hajaota meno, mwenzie keshabisha hodi!"

Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari. Batuli alijua hana mimba, lakini nani wa kumsikiliza? 

Siku nyingine alijaribu kula mapema, kiazi cha kuchemsha, amechuchumaa nyuma ya jiko. Bi Maftaha akamkuta.

"Mke anayekula kwenye moshi ana lake jambo. Chakula chetu kina nini?"

"Hakina kitu, mama."

"Basi kingoje."

Vidonge vya zahanati vilimtuliza. Vilipoisha, moto ukarudi. Akawa kama mtu aliyefungiwa ndani ya mwili wake mwenyewe, na mwili umefungiwa ndani ya nyumba ya mama mkwe.

Asubuhi moja alitumwa mdalasini dukani kwa Shirinbai, mama wa Kihindi muuza viungo, mzaliwa wa hapo hapo Kivinje. Batuli alikuwa amejishika kifua huku anangoja chenji.

"Kinaungua?" Shirinbai akauliza.

"Shikamoo, bibi. Kinaungua."

"Marahaba. Kunywa maji, keti. Unakula saa ngapi?"

Batuli akamweleza yote, mpaka kigelegele. Shirinbai alicheka, akasikitika, akaanza kufungua makopo. Mama yake alikuwa amemfundisha Ayurveda, tiba ya kale ya kwao Wahindi, inayoanzia jikoni.

"Tumbo lina moto wake, mwanangu. Ukiwa wa kiasi unapika chakula. Ukizidi unakupika wewe." Akachanganya bizari nyembamba, giligilani kavu na shamari, akaviponda kidogo. "Chemsha, chuja, kunywa taratibu. Unanyonyesha, kwa hiyo usizidishe. Na ukiona damu, au chakula kimekwama, usije kwangu, nenda hospitali. Kula kabla ya magharibi. Pilipili na embe mbichi ziache kwanza. Ukishakula usijilaze, na ukilala lalia ubavu wa kushoto. Halafu usile umenuna."

"Bibi, hayo yote yako nje ya mlango wetu."

"Najua. Na sisi kwetu tunakula sinia moja, tunaanza kwa kuonja chumvi. Sinia ni duara, halina kona ya kujificha."

Batuli alificha kile kifuko chini ya godoro. Bi Maftaha akienda sokoni, yeye alichemsha upesi, akanywa, akafungua madirisha harufu itoke. Mchana ukawa na nafuu. Usiku ulipofika, sinia lilirudisha kila kitu.

Kilichomponza hasa ni viatu. Wiki ile Ismael alimletea mkewe viatu vipya, bila Idi, bila harusi ya mtu. Bi Maftaha aliviangalia sana, akatafakari. Kesho yake akaanika magodoro.

Usiku huo Ismael aliponawa, alikuta kifuko kimewekwa mkekani kando ya sinia.

"Usitie mkono kwanza," mama yake akasema. "Hicho kilikuwa chini ya godoro lenu. Muulize mkeo ni nini. Mimi najua tu mwanaume hanunui viatu hivi hivi."

Ismael akacheka. "Limbwata, mama? Mimi?" Kisha akautazama wali, akaacha kucheka.

Batuli aliona kuta zimemsogelea. Akisema ni dawa ya kiungulia, ana mimba. Akinyamaza, ni mchawi. Asipokula, amekitia kitu chakula. Akila, ataungua.

Akatia mkono, akala kilicho mbele yake. Tonge, tena tonge, mchuzi na embe lake, mpaka machozi yakamtoka.

"Chakula ni salama, mama. Mmeniona. Mbovu ni mimi, kifua chote kinawaka. Hicho kifuko ni dawa ya Bibi Shirinbai. Sina mimba, wala sijamroga mtu."

"Ichemshe hapa hapa."

Akachemsha. Akanywa nusu. Bi Maftaha akampokonya kikombe, akamalizia, akangoja kwa macho makali. Ikamtoka mbweu ndefu ambayo Ismael alilazimika kukohoa ili kuificha.

"Bizari," Bi Maftaha akasema, kama mtu aliyeibiwa. "Bizari na shamari. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, mama. Ukapiga kigelegele."

 Imani alikuwa akigongagonga kijiko.

"Basi, mama, awe anakula mapema," Ismael akasema.

"Hapana!" Sauti ya Bi Maftaha ilikatika. "Baba yako alipokufa nilikula peke yangu eda nzima, natazamana na ukuta. Ndani ya nyumba hii harudii mtu."

Batuli akamtazama mama mkwe. Kumbe yule aliyeshika ufunguo naye alikuwa amefungiwa humo humo.

Kesho yake sinia liliwekwa tena baada ya isha, saa ile ile, mkeka ule ule. Batuli aliketi bila tumaini. Wali ulikuwa umemwagiwa mchuzi pande mbili tu. Upande wa tatu ulikuwa mweupe, na juu yake kipande cha changu wa kuchemsha na vipande vya boga. Bi Maftaha akalishika sinia kwa mikono miwili, akalizungusha polepole mpaka upande ule mweupe ukamfikia mkwewe.

"Bismillahi," akasema, bila kumtazama mtu. "Kila mtu ale kilicho mbele yake."

Batuli akala kidogo kidogo. Usiku ulikuwa umekwenda, na moto ulipanda, ila safari hii uliishia chini ya kifua, haukufika kooni. Akainuka amchukue mtoto akajilaze.

"Unakwenda wapi?" Bi Maftaha akauliza. "Huyo Shirinbai wako hakukwambia? Keti kwanza, chakula kishuke. Nitakaa nawe."