Zimwi Liko Upande Gani?

Mashabiki wa gemu ni watu wa ajabu, na anayebisha aje akae Jumamosi moja tu kwenye karakana ya fundi friji. Mle ndani kulikuwa na mafriji saba yaliyofunguliwa migongo, mitungi miwili ya gesi, harufu ya waya uliotoka kulehemiwa, na katikati ya vurugu yote hiyo, televisheni kubwa ambayo fundi aliinunua hata kabla hajanunua kitanda cha maana. Kila Jumamosi saa nane mchana aliteremsha mlango wa mbele nusu, na mteja aliyekuja na friji linalovuja aliambiwa arudi Jumatatu. Wateja walinuna. Lakini walirudi, maana fundi mwenyewe alikuwa na mkono mzuri.

Gemu waliloabudu liliitwa Tarishi. Unamwongoza mwanamke mbeba barua katika jiji lililobomoka, na nyuma yake kuna zimwi. Zimwi lenyewe halionekani ng'o. Unalisikia tu: hatua kushoto, hatua kulia, pumzi kisogoni. Ukikosea upande umeliwa, unaanza upya, na jirani zako wanakucheka.

Sasa sikia hili. Bingwa wa karakana hiyo, aliyemaliza sehemu ya kwanza na ya pili, alikuwa hasikii hata honi ya lori. Alikuwa dada mdogo wa fundi, mshona sare za shule, kiziwi tangu kuzaliwa. Wote walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyojua kuchoma watu kwa maneno ya mikono.

Alichezaje? Hapo ndipo kaka mtu alipoingia. Sindano alikaa kwenye kiti cha chini, rimoti ya gemu mikononi, macho kwenye skrini. Fundi alikaa nyuma yake juu ya kreti la soda, viganja mabegani mwa mdogo wake. Akigusa bega la kushoto, zimwi liko kushoto. La kulia, kulia. Mabega yote mawili, kimbia ewe mwana! Akivuta ukosi, geuka, liko nyuma. Miaka minne walicheza hivyo, kaka masikio, mdogo vidole, na hakuna aliyewaweza.

Na kabla ya gemu hilo, hawa walikuwa ndugu wa salamu tu. Binti alipelekwa shule ya bweni ya viziwi akiwa na miaka sita, akarudi mtu mzima na lugha nzima mikononi ambayo kaka yake hakuijua. Nyumbani walionyeshana: kula, njoo, lala, mama anakuita. Basi. Tarishi ndilo lililowakalisha pamoja, na fundi akajifunza alama kidogo kidogo, kwanza za kulitukana zimwi, halafu zile za watu wenye adabu.

Ndiyo maana habari ya sehemu ya tatu ilipofika, karakana nzima ilichemka. Watengenezaji walisema gemu liko njiani, na kwamba shabiki yeyote mwenye ombi alitume ndani ya mwezi huo.

Aliyeleta habari alikuwa Profesa. Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alifundisha watu udereva, na kazi yake ya pili ilikuwa fununu. Wiki hii alikuja na habari ya ndani kabisa kwamba Tarishi atapewa farasi. Wiki iliyofuata hakuna farasi tena, ni boti.

"We, si juzi ulisema farasi?" aliuliza Sista, muuguzi wa wodi ya wazazi, ambaye alikuja kila Jumamosi akitoka zamu, viatu vyeupe mkononi.

"Lisemwalo lipo," alijibu Profesa bila kupepesa, "kama halipo laja."

"Basi na lije. Mimi shida yangu ni suruali. Mwanamke anabeba barua mia tatu na hana mfuko hata mmoja! Funguo anaweka wapi, jamani? Kalamu? Anayeunda hilo gemu hajawahi kufanya kazi."

Waliandika maombi yao kwenye vipande vya maboksi. Profesa, kwa usalama, aliomba farasi na boti. Sista aliomba mifuko, akapiga mstari chini ya neno hilo mara mbili. Fundi aliomba jiji liwe kubwa zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta, akajitolea kuyatafsiri na kuyatuma yote. Sindano alimkabidhi lake mwisho, akamtazama usoni kidogo, halafu akarudi kwenye cherehani yake ng'ambo ya barabara. Lilisema hivi: "Sauti zote ziandikwe kwenye skrini. Zimwi lioneshwe liko upande gani. Ili kaka yangu apumzike."

Apumzike! Fundi alilisoma mara tatu. Nani kasema amechoka? Alijiona kama mzee anayepewa saa ya ukutani siku ya kustaafu, huku wenzake wakimpigia makofi ya haraka haraka wawahi chakula. Zimwi likiandikwa kwenye skrini, kreti la soda la nini tena? Sindano atachezea chumbani kwake, raha mustarehe, na wao wawili watarudia kula, njoo, lala, mama anakuita. Hilo lilimuuma mpaka akashindwa kumeza chai.

Akatuma maombi matatu. La nne akalikunja, akalisukumia chini ya spana kwenye boksi la vifaa. "Nitatuma kesho," alijiambia. Kesho ikazaa kesho kutwa, kesho kutwa ikazaa mtondo, mwezi ukaisha na mlango wa maombi ukafungwa.

Mimi simtetei. Ilikuwa roho mbaya, naye alijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye nguo hizo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Tangu siku hiyo fundi akawa mwema kupita kiasi. Alimnunulia Sindano nyuzi ambazo hakuziomba, maboksi kwa maboksi. Alitengeneza friji la mama ambalo halikuwa limeharibika, likaanza kugandisha mpaka nyanya. Mama alilalamika kwamba anakata kachumbari kwa nyundo.

Miezi miwili ikapita, ikafika Jumamosi ya kutangazwa sehemu ya tatu. Ilikuwa saa kumi mchana, jua kali, mlango nusu. Sista alileta karanga. Profesa alivaa shati la kupiga pasi, kana kwamba watengenezaji wangemwona. Sindano alikaa mbele kabisa, magoti yanamcheza. Fundi alikaa kwenye kreti lake, nyuma, na moyo unamdunda kwa sababu mbili zinazogombana: aliomba zile sauti zisiandikwe, na papo hapo alimwomba Mungu asimsikilize.

Kionjo cha gemu jipya kikaanza. Jiji likatokea, kubwa kuliko lile la zamani, na Tarishi akaja anakimbia darajani.

"Mifuko!" Sista aliruka, karanga zikamwagika. "Miwili mbele, mmoja pajani! Wamenisikia! Jamani wamenisikia!"

"Tulia, farasi anakuja," alisema Profesa.

Akaja punda.

"Punda," alisema Profesa taratibu, "ni farasi wa watu wenye akili." Sista alicheka mpaka akajishikilia kwenye friji.

Halafu skrini ikawa giza. Tarishi ameingia handakini. Fundi akazisikia: hatua nzito, za kuburuta, upande wa kushoto. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe kwa mazoea, ukalielekea bega la mdogo wake. Haukufika. Pembeni mwa skrini, kushoto, duara jeupe lilichanua na kufifia, likachanua tena, na chini yake pakaandikwa kwa lugha ya wenye gemu: hatua nzito, karibu. Kisha duara likahamia kulia. Kisha maneno mengine: pumzi, nyuma yako.

Sindano alisimama. Rimoti ilimponyoka mkononi. Alinyanyua mikono juu akaitikisa hewani, hayo ndiyo makofi ya viziwi, na sauti ikamtoka kooni, sauti nene ya furaha ambayo hata Profesa hakuwahi kuisikia. Sista akanyanyua mikono yake naye, Profesa naye, wote watatu wakaitikisa kama wehu.

Kwenye skrini akatokea mwanamke mmoja wa watengenezaji, akaanza kuzungumza. Sindano alimgeukia kaka yake: anasemaje?

Ikambidi fundi atoke kwenye kreti, apite mbele, asimame akimtazama. Mikono ilikuwa mizito. "Anasema," alitafsiri, "wachezaji wasiosikia waliwaandikia. Wengi. Anasema walisoma kila barua." Na mikono, ikishaanza kusema kweli, haikukubali kusimama. "Yako sikuituma. Niliificha. Nisamehe."

Sista na Profesa hawakuelewa kitu. Waliona tu fundi ametoa macho.

Sindano alimwangalia. Kisha akatikisa kichwa, akacheka.

"Najua," alijibu kwa mikono. "Niliituma mwenyewe siku ileile, kwa simu yangu. Lugha yao niliisoma shuleni. Wewe nakujua, kaka. Tangu utoto sahani ikivunjika wewe unaficha vipande."

"Sasa mbona ulinipa?"

"Nilitaka uwe wa kwanza kujua. Nikasema utakuja kuniuliza, tutaongea. Miezi miwili! Badala ya kuuliza unaniletea nyuzi. Nina nyuzi za kuvalisha jeshi zima."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Lakini lililokuwa limemkaa rohoni lilikuwa bado halijatoka, akalitoa. "Niliogopa. Zimwi likioneshwa kwenye skrini, hunihitaji tena. Nitakaa hapa kufanya nini?"

Sindano alimtazama vile Sista huwatazama wanaume wanaozimia wake zao wakijifungua. Akakaa. Akaanza polepole, alama moja moja, ili kaka yake asije akapitwa na hata moja.

"Kaka. Miaka minne unakaa nyuma yangu. Mimi nasikia kwa macho. Mtu aliye mgongoni kwangu namwambiaje neno? Mkicheka, sijui mmecheka nini. Ukisimulia, unawasimulia Profesa na Sista. Nikikugeukia, naliwa. Huu ndio wakati pekee tunaokaa pamoja, na sikuoni uso." Akapigapiga sakafu kando ya kiti chake. "Sikukufukuza. Nilitaka uje hapa."

Fundi alijiona mjinga wa kutupwa, na furaha ikampanda kifuani kwa kasi mpaka machozi yakamtoka, akayapangusa kwa kitambaa chenye grisi, uso ukawa na michirizi myeusi.

"Nini? Mnasema nini?" Profesa alikuwa hakai wala hasimami. "Kuna habari ya ndani? Ni kuhusu farasi?"

"Profesa, kaa chini ule karanga," Sista alimwambia. Hajui alama, lakini kazi yake imemfundisha kujua watu wanapolia vizuri.

Sehemu ya tatu ingetoka mwakani, ndivyo yule mwanamke alivyomalizia. Mwakani ni mbali, na shabiki hawezi kukaa bure. Sista akasema wacheze ile ya pili, kuua hamu. Sindano alilivuta kreti la soda kwa mguu, likakwaruza sakafu mpaka ubavuni mwake, akamwonesha kaka yake akae.

"Sasa nani atakushika bega?" aliuliza fundi. "Ya pili haina maandishi."

"Acha niliwe."

Wakaanza. Alicheza vizuri dakika mbili. Kisha akaiweka rimoti mapajani, akamgeukia. "Kuna jambo nataka kukuambia tangu mwaka juzi," alisema kwa mikono. "Yule mwalimu anayeleta sare za shule yake. Haleti sare tu."

"Yule mrefu?"

"Mrefu. Anajifunza alama. Anazikosea vibaya. Juzi alitaka kuniambia nimependeza, akaniambia nimeiva. Usimwambie mama kwanza."

Nyuma yao Profesa alipiga kelele. "Zimwi! Fundi, zimwi hilo! Mwambie!"

Fundi alizisikia hatua vizuri kabisa, kushoto, kisha kulia, kisha pumzi kisogoni mwa Tarishi. Hakugeuka. "Mwanzo kabisa," alimwambia mdogo wake. "Anza mwanzo. Mlikutanaje?"